Chiriku na Mpiga Besi Wake

Jumamosi ile wazee walianza kubishana kabla hata chai haijamiminwa.

"Kichwa kilimvimba, basi," alisema Fundi Saa, akijitupa kwenye kochi la karibu na dirisha, mahali pake pa siku zote. "Hakuna cha uchawi wala husuda. Alijiona yeye ndiye jua, na sisi wengine kazi yetu ni kuliota."

"Na wewe uliliota kweli kweli," Karani alimdaka. "Nani alishinda mlangoni mwa ukumbi tangu asubuhi ili apate kiti cha mbele?"

"Nilikuwa kijana."

"Ulikuwa na miaka arobaini na watoto watatu!"

Mama Pacha aliwasikia kutoka jikoni, akacheka peke yake huku akipanga vikombe kwenye sinia. Nyumba ilikuwa ya baba mkwe wake. Yeye na watoto wake pacha walihamia hapo tangu mumewe, mpima ardhi, alipopata kazi ya mbali inayomrudisha nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo mabishano ya kila Jumamosi alikuwa ameshayazoea, na angeweza hata kuwasaidia maneno pale walipokwama.

Waliyekuwa wakimjadili ni mwimbaji ambaye watu wote walimwita Chiriku, kwa jinsi sauti yake ilivyokuwa ikiruka juu bila kuchoka. Kwa zaidi ya miaka ishirini hapakuwa na harusi wala redio isiyokuwa na Chiriku. Halafu, polepole, mambo yakamwendea kombo. Kwenye onyesho kubwa la uwanjani alisimamisha bendi mara tatu, akamwita fundi mitambo mjinga mbele ya umati, akatupa kipaza sauti na kuondoka. Albamu iliyofuata haikupendwa. Iliyofuata hiyo, wengi hawakujua kama ilitoka. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu siku ya uwanjani, na mashabiki wake bado walikuwa wanagombania sababu.

Fundi Saa, aliyetengeneza saa za watu kwa miaka arobaini mpaka macho yakamchoka, alishikilia kwamba ni majivuno. Karani, mstaafu wa mahakamani ambaye hata akiomba sukari husikika kama anasoma jalada, alimtetea Chiriku kwa kila hali.

"Tuchukue ushahidi," alisema sasa. "Msanii wa ngazi ile anataka vitu viwe sawasawa. Vyombo vikiharibika, akasirike au apige makofi? Nyinyi mnataka nyota awe mpole kama muuza vocha."

"Ushahidi unao hapa sebuleni," Fundi Saa alijibu, akinyoosha kidole. "Muulize huyo."

Huyo alikuwa mwenye nyumba. Mtaa mzima ulimwita Besi, kwa kuwa alikuwa amepiga gitaa la besi nyuma ya Chiriku kwa miaka kumi na tisa, mpaka siku alipofukuzwa. Habari hiyo kila mtu aliijua. Bendi ilikuwa kwenye mazoezi, watu kumi na wawili. Besi alisimamisha wimbo katikati, akasema, "Mama, umetoka nje ya sauti. Hatuko pamoja." Chiriku alimtazama kwa muda, kisha akamwambia maneno matatu tu: "Chomoa waya wako." Besi akachomoa, akafunga gitaa lake, akarudi nyumbani. Nafasi yake ikachukuliwa na kinanda.

"Mimi nilikuwa mfanyakazi," Besi alisema, kama alivyosema kila Jumamosi. "Maswali hayo mpelekeeni mwenyewe."

"Hata msibani hakuja," Fundi Saa aliongeza kwa sauti ya chini.

Mke wa Besi alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Chiriku alituma shada kubwa la maua, likashushwa na dereva. Hapo ndipo hata Karani huishiwa na utetezi. Mama Pacha akaingia na sinia wakati ule ule, na wote watatu wakashukuru kupata kitu cha kushika.

*

Mama Pacha alikuwa mpima usikivu kwenye kliniki ya masikio, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, kuwavalisha hedifoni, na kuwapigia milio kutoka mizito mpaka miembamba. Aliyesikia alibonyeza kitufe, naye alichora alama kwenye chati. Alipenda kazi hiyo kwa sababu ya utulivu wake.

Jumanne moja alikuwa anafuta hedifoni aliposikia sauti ya mwanamke kutoka mapokezini.

"Kwani hapa mtu mzima anakalishwa kwenye plastiki?"

Mkono wake ulisimama. Jina lililokuwa kwenye fomu lilikuwa jina la kawaida, la mtu yeyote yule. Lakini sauti hiyo pacha wake waliilalia tangu wakiwa wachanga. Alitoka, akamkuta mwanamke wa miaka kama sitini na mitatu, amejitanda mtandio hadi kwenye paji la uso, miwani myeusi machoni, amesimama kando ya kiti alichokikataa.

"Shikamoo, mama. Karibu ndani."

"Marahaba. Kuna kiti huko ndani?"

"Kipo, tena kina mto."

"Hayo ndiyo maneno."

Mama Pacha hakusema kwamba amemjua, na Chiriku hakujitambulisha. Kipimo kilianza. Mwanzoni majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi, mpaka Mama Pacha akashtuka. Alibonyeza mashine kimyakimya bila kutoa mlio wowote, akainua tu bega kidogo. Kitufe kikalia. Mgonjwa hakuwa anasikia, alikuwa anamsoma mkono kupitia kioo.

Aligeuza kiti cha Chiriku ili akipe kioo mgongo, akaanza upya. Safari hii chati ilisema kweli. Milio mizito aliisikia yote, hata ile hafifu kabisa. Kuanzia katikati alama zilianza kushuka, na kwenye milio miembamba hapakuwa na kitu.

Alifungua mlango wa chumba, akavuta kiti, akakaa naye uso kwa uso.

"Mama, tatizo hili lina muda gani?"

"Tatizo gani?"

Mama Pacha akamwonyesha chati, akamweleza kwa kidole, polepole. Chiriku alivua miwani. Aliitazama karatasi kama mtu anayetazama picha yake iliyopigwa bila ruhusa.

"Kumi na tatu," alisema hatimaye. "Miaka kumi na tatu. Kwanza vilipotea vyombo vya juu. Nikadhani mafundi mitambo ni wazembe. Kila mtu nilimwona mzembe."

"Na kuimba uliimbaje?"

"Nilifuata besi. Nilisimama karibu na spika yake, nikavua viatu. Ile sauti inapanda kwa miguu, binti, inakaa hapa." Aligusa kifua. "Ukiwa na hiyo, nyingine zote unazikadiria. Baadaye besi ikaondoka, nikabaki naelea."

Kalamu ya Mama Pacha ilibaki juu ya karatasi. Alikuwa na maneno mengi mdomoni na hakuna hata moja lililofaa kusemwa. Aliandika tarehe, akapanga miadi ya wiki inayofuata, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

Jioni ile alimfuata daktari mkuu wa kliniki ofisini kwake. Bila kusema zaidi ya ilivyolazimu, alimweleza kwamba mgonjwa na mtu wa nyumbani kwake walikuwa na ugomvi wa zamani. Amwachie mwenzake faili?

"Mwambie mgonjwa mwenyewe," daktari alijibu. "Achague yeye. Na nyumbani?"

"Nyumbani sina la kusema."

"Hapo ndipo pagumu," daktari alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

*

Wiki iliyofuata, kabla hata Chiriku hajakaa, Mama Pacha alimwambia. "Mama, kuna jambo unapaswa kulijua. Yule mpiga besi wako ni baba mkwe wangu. Naishi kwake. Ukipenda uhudumiwe na mwingine, nitamwita sasa hivi."

Chiriku alikunja uso.

"Amekutuma?"

"Hajui hata kama umefika hapa."

"Na leo jioni je? Hatajua?"

"Hatajua."

"Watu wote husema hivyo," Chiriku alisema. Alichukua mkoba wake, akashuka ngazi bila kuaga, visigino vikigonga kila kidato.

Jumamosi ilipofika, mambo yalikuwa mabaya kuliko kawaida. Redio ilikuwa imetangaza kipindi cha nyota waliozima, na kipindi kizima kilikuwa cha Chiriku. Watu walipiga simu mmoja baada ya mwingine. Mmoja alisema Chiriku aliwahi kumnyima mtoto saini. Mwingine alisema eti hakubali kupanda jukwaa moja na waimbaji wapya. Fundi Saa aliongeza sauti ya redio na kuketi vizuri, akiwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mmesikia? Simu saba! Saba! Zote zinasema lile lile ninalosema mimi."

"Wingi wa simu si ushahidi," Karani alisema, lakini kwa unyonge.

"Pingamizi lako limetupwa, mheshimiwa. Mwanamke yule hakuwa anamsikiliza mtu. Hakuwa anasikia la mwadhini wala la mnadi swala. Hivyo tu!"

Mama Pacha, aliyekuwa anakata mkate, alikata kipande kinene mno. Ulimi ulimwasha. Sentensi moja tu ingemnyamazisha Fundi Saa, ingemfurahisha Karani, na labda ingemfanyia Besi jambo ambalo hakuna mtu mwingine angeweza kumfanyia. Sentensi moja, na huyo mwanamke asingekanyaga tena kliniki yoyote maishani mwake.

"Mkwe," Karani alimwita, "wewe ni mtu wa sayansi. Hebu tuamulie."

"Mimi nafikiri hamna habari zote," alisema.

"Basi tupe wewe."

"Nami sina za kutoa."

Alitoka na sahani. Alipogeuka mlangoni alimwona Besi akimtazama, si kwa hasira wala kwa swali, bali kwa ule umakini aliokuwa nao akisikiliza sahani ya santuri yenye mkwaruzo. Kisha mzee akazima redio.

"Imetosha," alisema. "Chai inapoa."

*

Zilipita wiki tatu. Mama Pacha alianza kuamini kwamba mgonjwa amepotea, na akajilaumu, halafu akajilaumu kwa kujilaumu. Asubuhi moja alifika kazini akamkuta Chiriku amekaa mapokezini, kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini.

"Nimekuwa nasubiri habari zangu zitoke redioni," Chiriku alisema. "Au gazetini. Au kwa kinyozi. Wiki tatu. Hazijatoka."

"Hazitatoka, mama."

"Nimeona. Haya, nivishe hivyo vidude vyako."

Kazi ya kumvisha haikuwa nyepesi. Kifaa cha kusikia kilikuwa kidogo kama punje ya haragwe, kikikaa nyuma ya sikio, na uzi mwembamba ukiingia ndani.

"Kinaonekana?"

"Mtu akikitafuta atakiona."

"Watu walikuwa wananitafuta sana," Chiriku alisema. "Zamani." Akajitazama kwenye kioo, akausogeza mtandio mbele, akaurudisha nyuma.

Mama Pacha aliwasha. Chiriku akaruka kidogo kitini.

"Nini hicho kinachochakacha?"

"Mtandio wako."

"Huu? Siku zote hufanya hivi?" Aliushika, akausugua kwa vidole, akausugua tena. Baadaye aliigusa karatasi ya mezani, akafungua na kufunga zipu ya mkoba, akasikiliza bangili zake. Kisha akaimba mstari mmoja kwa sauti ndogo, na uso ukamkunjamana. "Bati! Nasikika kama debe linaburutwa. Toa! Toa hivi!"

"Muziki unahitaji marekebisho yake. Nipe muda."

"Nimekupa."

"Umenipa dakika mbili, mama. Nakuomba arobaini."

Chiriku alimtazama kwa jicho lile ambalo watu kumi na wawili wa bendi waliliogopa. Mama Pacha alilirudishia tabasamu la kazini na kuvuta kibodi. Walirekebisha siku hiyo, na wiki iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Kila mara Chiriku alikuwa na lalamiko jipya, na mengi ya malalamiko yake yalikuwa sahihi kabisa. Sikio lake lilikuwa limeharibika, lakini alijua hasa anachokitafuta.

Kwenye miadi ya nne alileta simu yake, ikiwa na rekodi ya onyesho la uwanjani.

"Sijawahi kuisikiliza," alisema. "Weka."

Walisikiliza pamoja kwenye spika ndogo ya mezani. Bendi ilianza vizuri. Kisha sauti ya Chiriku ikaingia, ikiwa na nguvu zake zote, lakini juu kidogo ya mahali ilipopaswa kuwa. Kadiri wimbo ulivyokwenda, ndivyo pengo lilivyopanuka. Umati ulianza kunong'ona. Ikafuata sauti yake ya hasira, neno "mjinga", na mshindo wa kipaza sauti.

Rekodi ilipoisha, Chiriku alibaki akiitazama simu.

"Yule kijana wa mitambo hakuwa na kosa lolote," alisema. "Na mpiga besi wangu alikuwa amekwisha kuniambia. Miaka miwili kabla." Alivuta pumzi. "Mwambie aje nyumbani kwangu."

"Hapana, mama."

"Hapana?"

"Mimi siwezi kubeba maneno kutoka chumba hiki, hata mazuri. Kwake unakujua. Nenda mwenyewe."

"Mimi? Niende mimi?"

Mama Pacha alijifanya anaandika. Chiriku aliinuka, akavaa miwani, akaivua, akaiweka mkobani.

"Yupo siku gani?"

"Siku zote. Ila Jumamosi mchana huwa na wageni, afadhali siku nyingine."

"Wageni gani?"

"Mashabiki wako," alisema Mama Pacha, na hakuweza kuzuia kicheko. "Wanaobishana."

"Basi Jumamosi," Chiriku alisema. "Nilimkosea mbele ya watu."

*

Fundi Saa alikuwa katikati ya hotuba, mikono hewani, mlango ulipobishwa. Mama Pacha alikwenda kuufungua, bila kuwa na hakika mpaka dakika ile kama ni yeye.

"Karibu, mama."

"Ahsante. Hodi ndani."

Sauti ile ilifika sebuleni kabla ya mwenyewe. Mikono ya Fundi Saa ilibaki hewani. Karani alisimama kama hakimu ameingia. Besi peke yake hakutikisika. Alikuwa na kikombe mkononi, akakiweka mezani taratibu, akitafuta katikati ya kisahani.

"Endelea, baba," Chiriku alimwambia Fundi Saa. "Nilisikia ukisema habari za kichwa. Kimefanyaje?"

"Aa... tulikuwa... kiti hiki hapa, mama," Fundi Saa alisema, na huyo mtu aliyemchambua Chiriku kwa miaka tisa akaliacha kochi lake la dirishani, akalipangusa kwa kiganja.

Chiriku alikaa. Alishusha mtandio mpaka mabegani, akageuza kichwa kwanza kulia, kisha kushoto, ili kila mmoja aone.

"Nimekuja kwa huyu," alisema, akimtazama Besi. "Ulikuwa sahihi siku ile. Nilitoka nje ya sauti. Nilikuwa natoka tangu zamani, masikio yalikuwa yamekwisha kuniacha. Lakini ulisema vibaya. Mbele ya watoto wa bendi, unanisimamisha kama mwanafunzi."

Mama Pacha, aliyesimama mlangoni, alifumba macho. Aliwaza: hata akiomba radhi lazima amtie mtu kwenye kosa.

Besi alikisogeza kikombe pembeni.

"Kweli nilisema vibaya," alisema. "Lakini kabla ya hapo nilikuambia mara mbili pembeni. Mara ya kwanza kwenye gari, nimekaa nyuma yako. Mara ya pili nyuma ya jukwaa, nikakunong'oneza sikioni, ili watu wasijue. Zote mbili hukugeuza hata shingo. Nikajua umenidharau. Ndiyo maana ya tatu nikaisema mbele ya wote."

"Ulininong'oneza?"

"Sikio la kushoto."

Chiriku aligusa sikio la kushoto. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hakuna aliyejua kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka, lakini machozi yalikuwepo.

"La kushoto ndilo lililokufa kwanza," alisema.

Besi naye alicheka, kicheko kifupi, kama kikohozi. Alipitisha kiganja usoni. Miaka kumi na moja alikuwa amembebea huyu mwanamke kinyongo kwa dharau ambayo haikuwahi kutokea. Mama Pacha aliona mabega ya mzee yakishuka, kisha akaona yakipanda tena.

"Na mke wangu je?" Besi aliuliza. "Alikupikia miaka kumi na tisa. Hukuja kumzika."

Karani alitazama sakafu.

"Nilifika mpaka kona hapo," Chiriku alisema. "Nikaona bendi yote imekaa nje. Nikamwambia dereva aendelee na maua, nikashuka, nikarudi kwa miguu."

"Hilo si la masikio."

"Hapana. Hilo ni mimi."

Besi aliinamisha kichwa. "Hilo niachie kwanza," alisema.

Chiriku hakubembeleza. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akamuuliza Karani alikuwa anafanya kazi gani, akamsikiliza, akaondoka. Alipotoka, Mama Pacha alibaki akikusanya vikombe. Wageni nao waliaga mapema, wakiwa wamelemewa na maneno yasiyotoka.

"Ulijua tangu lini?" Besi alimuuliza mkwewe, wakiwa wawili.

"Tangu mwezi wa pili, Baba."

"Na siku zile zote ulikuwa unanimiminia chai tu."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

Besi alitikisa kichwa. "Mke wangu angekupenda kwa hilo," alisema, akaenda kulala usingizi wa mchana.

*

Mwezi mmoja baadaye Chiriku alieleza mwenyewe habari za masikio yake redioni, na alimtaja fundi mitambo wa uwanjani na kumwomba radhi. Simu zilimiminika. Wengine walilia. Wengine walisema anatafuta huruma ili auze nyimbo. Karani alitembea mtaani kifua mbele kama aliyeshinda rufaa. Fundi Saa alikubali nusu. "Masikio sawa," alisema. "Lakini kwenye msiba masikio yalimzuia nini?" Na kwa hilo hakuna aliyempinga.

Besi mwenyewe halikumtoka neno juu ya jambo hilo. Lakini Jumapili moja alimwambia Mama Pacha, bila kumtazama, kwamba kama yule mama angependa kuliona kaburi, yeye Mama Pacha anajua lilipo. Wanawake hao wawili walikwenda asubuhi. Chiriku alisimama pale kwa muda mrefu, akang'oa majani machache yaliyoota pembeni kwa mikono yake, akachafua kucha. Hakuimba. Besi hakuuliza ilikuwaje huko, na Mama Pacha hakumsimulia.

Wiki iliyofuata mzee alilitoa gitaa uvunguni, akabadilisha nyuzi. Yeye na Chiriku walianza mazoezi sebuleni, Jumatano na Ijumaa mchana, wawili tu. Nyimbo zote za zamani walizishusha chini, maana sauti ya juu ilikuwa imeondoka na haikurudi. Kilichobaki kilikuwa na ukwaruzo, na kilitembea taratibu. Chiriku bado aligomba. Besi bado alimwambia akikosea, ila sasa alikuwa akisema kwa sauti ya kawaida, na Chiriku akigeuka.

Waliimba hadharani mara moja mwaka ule, alasiri, kwenye ukumbi mdogo wa shule, viti mia moja na hamsini. Chiriku alikaa kwenye stuli, miguu mitupu, mtandio mabegani na vifaa vyake wazi kwa kila mwenye macho. Nyimbo zilikuwa nne. Katika ya tatu alipotea. Besi alirudia sauti ile ile, moja, akairudia tena, bila haraka, mpaka akamwona ameipata. Watu wengi hawakugundua. Mama Pacha aligundua, akashika mkono wa mumewe aliyekuwa amekuja likizo.

Makofi yalipokwisha na watu wakaanza kutoka, Chiriku alimwita pembeni ya jukwaa.

"Hiki cha kushoto kinapiga mluzi. Wimbo mzima wa pili nimeimba na filimbi."

"Njoo Jumanne, nikitazame. Saa tatu."

"Saa nne. Mimi siamki mapema."

"Saa nne nina mtoto wa miaka minne, mama, naye alitangulia kupanga. Saa tatu."

Chiriku alimkazia macho. Mama Pacha alingoja, mkoba begani, mumewe akimwita kutoka mlangoni.

"Haya," alisema Chiriku. Na Jumanne alifika saa tatu na dakika kumi.